Tawi letu lina wanachama 14 kati ya wafanyakazi 130: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, nafanya kazi kwenye kiwanda cha vifungashio vya plastiki, Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Mwezi wa tatu wenzangu walinichagua kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi hapa kazini. Wafanyakazi wa kudumu tuko 130, wanachama ni 14 tu. Kuna pia vibarua kama 40 wanaoletwa na wakala. Kila ninayemfuata ananiambia chama kinakata tu, hakina faida. Wengine wanaogopa, wanasema bosi akijua umejiunga siku zako zimehesabika. Nilibandika tangazo, nikaitisha mkutano saa kumi na moja jioni baada ya kazi. Wakaja watu sita, na wote walikuwa wanachama tayari. Shifti ya usiku siwaoni kabisa, nao wanalipwa sawasawa na sisi wa mchana. Nianzie wapi? Na je, sheria inanilinda?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya pili nilisimama kwenye maneno uliyoyaandika kama kwa kupitia tu, kwamba wa usiku wanalipwa sawasawa na wa mchana. Hayo maneno yawekee alama, tutayarudia. Kabla ya hapo nataka tuzungumze kuhusu hao wanaokuambia chama kinakata tu.

Nadhani unawasikia kama watu wanaotafuta kisingizio. Nakuomba uwaamini. Wanasema kitu ambacho wengi wao wamekisikia kwa baba zao na mama zao, na wazee hao walikuwa na sababu. Miaka ya hamsini, Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955 na Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake wa kwanza, mwanachama alipatikana kwa kufuatwa na kuelezwa mpaka aelewe. Kisha mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, shirikisho likavunjwa na ikaundwa NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima, katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, ikiwa jumuiya ya chama tawala. Mwaka 1991 ikaja OTTU. Kwa muda wote huo, kwa wafanyakazi wengi, ada ilikuwa inatoka kwenye mshahara kama kodi inavyotoka. Hakuna aliyekuja mashineni kumuuliza mtu kama anataka. Na sisi wa vyama, kwa kuwa fedha zilikuja zenyewe, tukasahau kazi ya kufuata watu. Kizazi kizima cha viongozi wa matawi kilistaafu bila kuwahi kumshawishi mtu hata mmoja.

Kwa hiyo mtu akikuambia "kinakata tu", usimpinge. Mwambie: ni kweli, ilikuwa hivyo, na sheria imebadilika. Tangu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, mwajiri hana ruhusa ya kukukata ada ya uanachama mpaka wewe mwenyewe umejaza na kusaini fomu, ile tunayoiita TUF 6. Ukitaka kutoka unaandika barua ya notisi ya mwezi mmoja, makato yanakoma. Mimi kila nilipokwenda kwa mtu mpya nilimweleza mlango wa kutokea kwanza, ndipo nikamwonyesha wa kuingilia. Utashangaa jinsi bega la mtu linavyoshuka akishajua kwamba hafungwi.

Halafu uwe na jibu la fedha, na liwe la kweli. Ada yenu ni asilimia ngapi? Katika hiyo, ngapi zinarudi tawini na ngapi zinakwenda makao makuu? Mwaka jana tawi lilipata kiasi gani na lilifanyia nini? Kama hujui, funga safari ya ofisi ya chama ya kanda ukaulize kabla hujamfuata mtu mwingine. Sheria inakitaka chama kikaguliwe hesabu zake kila mwaka na wanachama waweze kuziona. Una haki ya kuuliza, na afisa anayekukunjia uso kwa swali hilo ndiye anayekuvunjia tawi. Andika hesabu ya tawi kwenye karatasi moja, tembea nayo. Kama tawi halijapata kitu, sema halijapata kitu. Mtu anayeuza muda wake kwa saa anajua thamani ya shilingi elfu sita, usimzungushe.

Sasa mkutano wako. Tangazo ukutani, saa kumi na moja jioni, Barabara ya Nyerere. Wewe mwenyewe ni mama, unajua saa hiyo ni ya nini. Anayekaa Gongo la Mboto au Chanika akikosa daladala ya kwanza anafika usiku, na nyumbani kuna mtoto hajala. Watu hawakuukataa mkutano wako, waliwahi magari. Lakini hata ungeuweka saa nzuri, bado nisingekushauri uanze na mkutano. Mkutano ni wa kuthibitisha kile ambacho tayari kimekubaliwa na mtu mmoja mmoja. Ukiuitisha kabla ya hapo, wanakuja wale wale, na wengine wanachungulia kwa mbali wanaona viti vitupu na kujisemea kwamba chama hakina watu.

Nakwambia hivi kwa sababu nimeumia. Mwaka 1999 nilitumwa kwenye kiwanda kimoja Vingunguti. Nilikuwa na sauti wakati ule. Nilisimama getini wakati shifti zinapishana, nikahutubia kuhusu haki, umoja na jasho la mfanyakazi, na siku ile moja nikakusanya fomu 47. Nilirudi ofisini nikapongezwa. Miezi minne baadaye zilikuwa zimebaki 11. Waliosaini walisaini kwa joto la hotuba. Joto lilipopoa na slipu ya mshahara ikaonyesha makato, hawakuwa na mtu hata mmoja ndani ya kiwanda wa kumuuliza. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, na sikuwa nimemwacha yeyote nyuma yangu. Watu wale niliwadhulumu, hata kama sheria haisemi hivyo, na ilichukua miaka mingi kabla mtu mwingine wa chama hajasikilizwa pale.

Tangu hapo nilijifunza kuuliza swali moja kila ninapoingia kazini kwa watu: hapa mtu akifiwa, nani anashika daftari la michango?

Fikiria kiwandani kwenu. Mwenzenu akipata msiba, kuna mtu anayepita na daftari, na kila mmoja anampa elfu mbili au tano bila kuomba risiti. Pengine ni mama wa kitengo cha kupakia, pengine ni yule fundi mzee wa mashine. Kuna anayeshika upatu, kuna mweka hazina wa kikoba, kuna kijana ambaye wenzake wakipewa barua ya onyo humpelekea aisome kwanza. Hao ndio viongozi wa kiwanda chenu, hata kama hakuna aliyewapigia kura. Watu wameshawaamini kwa fedha na kwa siri. Wewe ukimwambia mtu ajiunge, anakupima kwa cheo chako cha katibu. Akiambiwa na mshika daftari la misiba, anajua anaambiwa na mtu aliyemzikia mama yake.

Kwa hiyo nunua daftari la shilingi mia tano. Liache nyumbani, usilipeleke kiwandani hata siku moja. Andika majina yote 130, kwa vitengo na kwa shifti. Mbele ya kila jina andika unachokijua: anakula na nani chakula cha mchana, anapanda gari moja na nani, yuko kikoba gani, nani akinyamaza na yeye ananyamaza. Usiku wa kwanza utaandika majina arobaini tu, mengine yatakushinda. Hayo yaliyokushinda yanakuonyesha kwamba kuna sehemu za kiwanda ambazo tawi halijawahi kukanyaga. Waite wale wenzako kumi na watatu mmoja mmoja, wakusaidie kujaza. Kazi hiyo yenyewe itawaamsha, maana wengi wao, nina hakika, tangu walipojaza fomu hakuna aliyewaomba kitu.

Ukishawapata washika madaftari wako, usiwapelekee fomu. Nenda ukawasikilize. Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu, kwa kuwa tumejaa maneno. Muulize kazi inaendaje, muulize ni kitu gani akipewa uwezo angekibadilisha kesho asubuhi, kisha unyamaze. Unyamaze kweli. Atasema kitu cha juu juu kwanza: joto, maji ya kunywa, choo. Usikimbilie kujibu. Cha pili atakachosema ndicho kinachomnyima usingizi. Nakumbuka mama mmoja alinieleza kwa nusu saa habari ya feni mbovu, na nilipokuwa nasimama kuondoka ndipo akasema kwa sauti ya chini kwamba amerudi kutoka uzazi na anakamua maziwa chooni kuyamwaga, kwa sababu hawezi kutoka kwenda kumnyonyesha mtoto. Hakujua kwamba sheria inampa mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili hiyo. Aliyemwambia alikuwa chama, na yeye ndiye aliyewaleta wenzake wote wa mstari wake. Sikuhitaji kumhubiria.

Ukisikiliza watu kumi namna hiyo utaona jambo moja linarudi. Kwa barua yako, naweka dau kwamba jambo hilo liko kwenye shifti ya usiku.

Sheria iko wazi hapa. Saa za usiku ni kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya muda huo inastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya ujira wa msingi wa saa. Kama wa usiku wanapata sawasawa na wa mchana, kuna fedha yao haijalipwa. Tupige hesabu. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 300,000 kwa mwezi, na wiki ya kazi ni saa 45. Ili kupata ujira wa saa unagawa mshahara kwa 4.333 mara 45, yaani kwa 195 hivi. Inakuja shilingi 1,538. Asilimia 5 yake ni kama shilingi 77. Anayeingia saa nne usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi amefanya saa nane, kwa hiyo usiku mmoja ni shilingi 615 hivi. Akifanya usiku 13 kwa mwezi, ni kama shilingi 8,000. Ada ya chama, tuseme ni asilimia 2, ingekuwa 6,000. Weka namba zenu halisi, lakini mpe mtu wa usiku kalamu apige hesabu hiyo kwa mkono wake, kwa slipu yake mwenyewe. Hutahitaji kumweleza faida ya chama ni nini.

Nakuonya jambo moja: usiahidi. Usiseme "chama kitakuleteeni hiyo fedha". Sema: hii ni haki ya kisheria, tukiidai mmoja mmoja tunajulikana kwa majina, tukiidai kama tawi barua inaandikwa na chama. Kusanyeni slipu za miezi mitatu na ratiba za shifti, mwombe afisa wa kanda aandike barua kwa mwajiri. Waajiri wengi hulipa hapo, hasa kama ofisi ya utumishi ilikuwa haijui au ilijisahau. Akikataa, kuna Afisa Kazi, ambaye anaweza kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Kuna mjanja atakuuliza, na ni swali zuri: kama ni sheria, nitalipwa hata nisipojiunga, sasa nijiunge ya nini? Mjibu kwamba ni kweli, atalipwa. Asilimia 5 ni ya kila mtu. Ila sheria inaishia chini. Nyongeza ya mwaka, chakula kazini, usafiri wa kuwarudisha wa usiku, hivyo havimo kwenye sheria. Vinapatikana kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, na mkataba huo mwajiri halazimiki kukaa mezani kuujadili mpaka chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo husika. Kwenu, mkiwahesabu hao 130, ni watu 66.

Najua 66 inatisha ukiwa na 14. Iweke pembeni kwanza. Nataka uangalie namba nyingine ambayo makatibu wengi hawaioni. Sheria inagawa wawakilishi wa chama mahali pa kazi kwa idadi ya wanachama. Wanachama 1 mpaka 9, mwakilishi mmoja. Wanachama 10 mpaka 20, wawakilishi watatu. Wanachama 21 mpaka 100, wawakilishi kumi. Leo mna 14, mnastahili watatu. Mkifika 21 mnastahili kumi. Watu saba tu! Hakuna fomu saba nyingine zitakazokupa nguvu kama hizo. Wawakilishi hao wana haki ya muda wa kutosha, wenye malipo, kufanya kazi ya uwakilishi: kumsindikiza mwenzao kwenye shauri la nidhamu, kusimamia kwamba sheria inafuatwa. Mkiwa kumi mnaweza kuwa na mtu kwenye kila kitengo na kila shifti, na hapo ndipo 66 inaanza kuonekana kama kazi ya miezi kadhaa.

Kwa hiyo lengo lako mpaka mvua za vuli ni watu saba. Na usichukue saba wa kwanza watakaokubali. Chukua washika madaftari. Wawili watoke shifti ya usiku, maana wewe wa mchana hutawafikia kamwe kwa miguu yako. Ubadilishane shifti wiki moja kama supavaiza atakubali, au uje saa kumi na mbili kasoro asubuhi ukawasubiri kwa mama ntilie pale wanapokunywa chai kabla ya kupanda gari. Nimefanya hivyo miaka mingi. Mtu aliyetoka usiku amechoka, hataki hotuba, lakini anataka mtu wa kumuuliza usiku ulikuwaje. Na wanawake wawe wengi. Sheria inataka wawakilishi wasiopungua watano wawawakilishe wafanyakazi wanawake pale wanachama wanapozidi 100, ila kungoja mpaka mfike 100 ni kuchelewa sana kwenye kiwanda ambacho, kama vilivyo vingi vya upakiaji, nusu ya mikono ni ya akina mama.

Mikutano ya baadaye iwe ya mapumziko ya mchana, dakika ishirini, jambo moja tu. Mapumziko ni saa nzima kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, kwa hiyo muda upo. Na unayo haki ya kumwita afisa wa chama aingie ndani ya kiwanda kuandikisha wanachama na kuzungumza nao. Mwajiri anaweza kuweka masharti ya muda na mahali ili kazi isivurugike na usalama ulindwe, lakini hawezi kumfungia geti moja kwa moja. Barua itoke ofisi ya chama mapema, itaje siku na saa. Mwajiri akikataa, chama kinatoa taarifa rasmi, mwajiri anatakiwa kukutana nacho ndani ya siku 30, na wasipoelewana suala linakwenda Tume. Tawi lenyewe ni halali. Sheria inataka wanachama kumi au zaidi, ninyi mko 14.

Hofu. Hili silipuuzi, na usimcheke mtu anayeogopa. Mwenye kodi ya chumba Vingunguti na ada ya shule anaogopa kwa akili. Sheria inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya uanachama au kwa sababu ya kushiriki shughuli halali za chama, na kumwachisha kazi kwa sababu hiyo ni uachishaji usio halali. Lakini karatasi ya sheria haisimami yenyewe mlangoni. Andika. Supavaiza akitoa kitisho, andika tarehe, saa, maneno yenyewe na waliokuwepo, siku hiyo hiyo. Mtu akiachishwa, ana siku 30 tu za kupeleka shauri la kuachishwa kazi kwenye Tume, na nimeona watu wenye haki kamili wakizipoteza kwa kusubiri "bosi apoe". Aliye peke yake anaogopa zaidi kuliko aliye na wenzake, kwa hiyo fomu za kitengo kimoja zipeleke pamoja. Fomu moja ikipelekwa Jumatatu na nyingine Alhamisi, huyo wa Jumatatu umemwacha uwanjani siku tatu peke yake.

Na kundi la wasapu, tafadhali, lisubiri. Kila kundi nililowahi kuliona la watu zaidi ya ishirini, maneno yake yalifika ofisini kabla ya chai ya saa nne. Mambo ya majina na nani amesaini yazungumzwe mdomo kwa mdomo.

Umeuliza pia, bila kuuliza moja kwa moja, habari ya vibarua. Wengi watakuambia hao si wetu. Mimi nakataa, na historia ya jiji lako inakataa. Mgomo wa mwaka 1947, ulioanzia bandarini hapa Dar es Salaam na kusambaa kwa njia ya Reli ya Kati, ulianzishwa na makuli, na wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa. Watu wasio na hakika ya kesho ndio waliosimama kwanza. Kwa sheria, kibarua naye ni mfanyakazi. Akiwa amefanya kazi kwa mtu wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, sheria inamchukulia kuwa ameajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ugumu ni kwamba mwajiri wao kwenye karatasi ni wakala, kwa hiyo fomu zao za makato zinakwenda kwa wakala, na hesabu yao usiichanganye na ile ya 66 kabla afisa wa kanda hajakushauri. Ila usikae miezi sita bila kuwasalimia. Kula nao. Waulize kama michango yao ya NSSF inapelekwa, na wafundishe namna ya kuiangalia. Siku mwajiri atakapotaka kuwatumia kujaza nafasi zenu, utafurahi kwamba mnajuana kwa majina.

Kuhusu supavaiza, watu huchanganya. Wasioruhusiwa kuwa chama kimoja nanyi ni wale wa menejimenti ya juu, wanaotunga sera za kampuni na wenye mamlaka ya kusaini mikataba na vyama kwa niaba ya mwajiri. Supavaiza wa shifti hayumo humo. Anaweza kujiunga, na akiwa mtu mwema mkaribishe, lakini asiwe wa kwanza. Ukianza naye wengine watadhani ni mtego.

Fomu ikishasainiwa, kazi ndiyo imeanza. Mwisho wa mwezi mfuate kila mwanachama mpya, mwombe muangalie slipu pamoja. Makato yameonekana? Mwajiri anatakiwa kuyafikisha kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwisho wa mwezi, na akichelewa bila sababu ya msingi kuna faini ya asilimia 5 kwa kila siku. Hakikisha na ofisi ya chama kwamba fedha imefika na jina limeingia kwenye orodha. Mpe mwanachama huyo kazi ndogo wiki hiyo hiyo, hata kujaza majina matano kwenye lile daftari. Wale 36 niliowapoteza Vingunguti hakuna aliyewapa hata kazi ya kubeba karatasi.

Neno moja gumu kuhusu ada ya uwakala, ambayo haihusiani na yule wakala wa vibarua. Mkishakuwa wengi na kutambuliwa, sheria inaruhusu chama na mwajiri kukubaliana kwamba hata wasio wanachama walipe ada, kwa kuwa nao wananufaika na mkataba. Viongozi wengine watakushauri muikimbilie haraka. Mimi naisogelea kwa tahadhari. Ni halali, na ni haki kwamba anayekula achangie sufuria. Lakini siku ada hiyo itakapoanza, kuna watu watakatwa bila kusaini, na utasikia tena maneno uliyoyaanza nayo barua yako. Kama mtaichukua, ichukueni mkiwa mmeshawafuata watu wote waliobaki mmoja mmoja, mkiwa na karatasi ya hesabu mkononi.

Jumamosi hii nunua hilo daftari. Wiki ijayo zungumza na watu watatu tu, bila fomu, akiwemo mmoja wa usiku, na uniandikie walichosema cha pili. Uniandikie pia mshahara wa msingi na saa halisi za shifti ya usiku, tuipige upya ile hesabu kabla barua haijaandikwa.